Abram Gannibal na Somo la Kuhesabu

Kila mwaka shule zinapofunguliwa, mwalimu wa Darasa la Kwanza hupokea watoto wa namna nyingi. Miongoni mwao yumo yule aliyeletwa kutoka kijijini kuja kuishi na shangazi yake Majengo, mjini Sumbawanga. Nyumbani mtoto huyu huhesabu vizuri kwa Kifipa. Huwajua kuku walioingia bandani na asiyeingia. Hupanga nyanya mafungu mafungu, na fungu likipungua nyanya moja hulitambua kwa kulitupia jicho tu. Lakini darasani, anapoulizwa kwa Kiswahili ni namba gani inayofuata baada ya tano, hunyamaza na kuinamisha kichwa. Mwalimu asiye na subira huamua papo hapo kwamba mtoto huyo ni mzito wa akili. Hukumu hiyo ikishatolewa ni vigumu kuifuta, kwa maana mtoto mwenyewe huisikia, akaiamini, na mara nyingi akaishi nayo hadi anapoacha shule.

Kosa la mwalimu huyo ni moja: amelichukua jina la namba kuwa ndiyo namba yenyewe. Ili wanachuo walione kosa hilo kwa uwazi, makala haya yanaeleza maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa Afrika, akapelekwa ugenini angali mtoto mdogo, akajifunza kuhesabu kwa Kirusi na baadaye kwa Kifaransa, na mwishowe akawa mwalimu wa hesabu na jenerali wa wahandisi katika jeshi la Urusi. Mtu huyo ni Abram Petrovich Gannibal, babu mkuu wa mshairi mashuhuri Aleksandr Pushkin.

Kuzaliwa na kutekwa

Abram alizaliwa karibu na mwaka 1696. Mwenyewe, alipoandika ombi rasmi kwa serikali mwaka 1742, alitaja kwamba kwao ni mji uitwao Lagon, uliotawaliwa na baba yake. Kwa muda mrefu wataalamu walifuata mapokeo ya ukoo wake, wakasema kwamba mji huo ulikuwa upande wa Uhabeshi, katika nchi ambayo leo ni Eritrea. Katika miaka ya 1990 mtafiti Dieudonné Gnammankou kutoka Benin alitoa hoja nzito kwamba mji huo ni Logone-Birni, kaskazini mwa Kameruni, karibu na Ziwa Chad. Kwa vyovyote vile, alikuwa mtoto wa Afrika, na lugha aliyojifunzia kuhesabu vidole vyake haikuwa lugha ya Ulaya.

Akiwa na umri wa miaka saba hivi aliondolewa kwao na kufikishwa Istanbul, mji mkuu wa dola ya Waturuki. Huko watoto wa mateka waliwekwa katika utumishi wa nyumba za wakubwa. Mfanyabiashara mmoja aliyemtumikia mfalme wa Urusi, Savva Raguzinsky, alimpata na kumsafirisha kwa siri hadi Moscow, alikofika mwishoni mwa mwaka 1704. Mwaka 1705 alibatizwa mjini Vilnius, na msimamizi wake wa ubatizo akawa mfalme mwenyewe, Petro Mkuu. Ndiyo sababu akaitwa Petrovich, yaani mwana wa Petro. Jina la Gannibal, kwa kumbukumbu ya Hannibal, jemadari wa Carthage, alilichukua baadaye alipokuwa mtu mzima.

Habari za watoto waliotolewa makwao kwa nguvu si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita katika nchi zilizo kando ya Ziwa Tanganyika. Tena historia ya sehemu zetu inamkumbuka Adrian Atiman, aliyetekwa angali mtoto karibu na Timbuktu, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawatibu watu wa mwambao huo hadi alipofariki mwaka 1956. Katika maisha ya watu hawa wawili tunaona jambo moja: mtoto aliyeng'olewa kwao hakuacha akili yake njiani. Alikwenda nayo. Kilichobaki nyuma ni maneno tu.

Majina ya namba katika Kirusi

Mtoto Abram alikaa karibu na mfalme, akamfuata katika safari zake za vita, na akawa mtumishi wa chumbani mwake. Katika maisha ya namna hiyo mtu hutumwa kuleta mishumaa miwili, kuhesabu farasi watano, kupokea barua tatu. Yafaa basi tuyatazame majina ambayo ilimlazimu mtoto huyo kuyafahamu. Tukiyaandika kwa kufuata matamshi ya leo, na kwa herufi zetu, moja hadi kumi ni: adin, dva, tri, chitiri, pyat, shest, syem, vosyem, dyevyat, dyesyat.

Hebu mwanachuo ayasome kwa sauti mara tatu, kisha afunge daftari ajaribu kuyasema. Ataona kwamba matatu ya kwanza hushika upesi, kwa kuwa ni mafupi. Lakini kuanzia tano ulimi huanza kugongana na kumbukumbu. Syem na vosyem hufanana mwishoni, na dyevyat na dyesyat hupishana kwa sauti moja tu katikati. Mgeni huyachanganya mara kwa mara, wala si kwa sababu hajui kwamba tisa si kumi. Analijua jambo lenyewe. Anachokosa ni jina lake.

Baada ya kumi, Kirusi kina utaratibu wake. Kumi na moja ni adinatsat, kumi na mbili ni dvyenatsat, kumi na tatu ni trinatsat. Asili ya maneno hayo ni moja-juu-ya-kumi, mbili-juu-ya-kumi, na kuendelea. Neno la kumi limefupishwa kwa kutamkwa sana hata likabaki mkia tu. Sisi husema kumi kwanza, ndipo tukataja kinachozidi. Warusi hutaja kinachozidi kwanza, ndipo wakataja kumi. Wakifika ishirini husema dvatsat, yaani makumi mawili, na thelathini ni tritsat, makumi matatu. Mwanafunzi anapodhani ameshika kanuni, hukuta kwamba arobaini si makumi manne bali ni sorok, neno lisilofanana na yale ya kabla yake wala ya baada yake. Hamsini hurejea katika kanuni: pyatdisyat, makumi matano.

Mwanachuo asicheke. Kiswahili chetu nacho kina mambo yake. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya asili ya Kibantu. Sita, saba na tisa yametoka katika Kiarabu, na kadhalika ishirini, thelathini na makumi yote hadi tisini. Zamani Waswahili walikuwa na majina yao wenyewe, na alama zake hazijafutika: tisa bado huitwa kenda na baadhi ya watu, na fungate, zile siku saba za maarusi, hutukumbusha jina la kale la saba. Zipo lugha za Kibantu, kama Kichewa cha Malawi na Zambia, ambamo sita hutajwa kuwa tano na moja. Kwa mtoto aliyezoea hesabu ya namna hiyo, jina husema wingi wake waziwazi. Neno sita halimwambii chochote mpaka afundishwe.

Liko pia jambo la upatanisho. Katika Kirusi namba moja na mbili hubadilika kufuatana na jinsi ya nomino. Kuanzia tatu hadi ishirini, jinsi haibadilishi tena namba hizo. Hata nomino yenyewe hubadilika: meza moja ni adin stol, meza mbili ni dva stala, lakini meza tano ni pyat stalov. Mtu mzima anayejifunza Kirusi huona hayo kuwa mateso. Lakini sisi husema mtu mmoja, kitu kimoja, jiwe moja. Watu wawili, vitu viwili, mawe mawili. Kisha tukifika sita husema watu sita, vitu sita, mawe sita bila kubadilisha neno. Hatuoni taabu kwa sababu tulilelewa nayo. Mtoto anayekijia Kiswahili kutoka lugha nyingine huiona.

Wakati tarakimu zilipobadilishwa

Abram alifika Urusi katika miaka ya pekee katika historia ya hesabu ya nchi hiyo. Kabla ya hapo Warusi waliandika namba kwa herufi za alfabeti yao ya kanisa. Herufi ya A yenye alama ndogo juu yake ilikuwa moja. Herufi ya pili ya alfabeti haikuwa na thamani ya namba, kwa sababu mpangilio wote ulifuata ule wa Wagiriki ambao hawakuwa na herufi hiyo. Kwa hiyo mbili iliandikwa kwa herufi ya tatu. Kumi ilikuwa na herufi yake, ishirini yake, mia yake. Katika kumi na mbili herufi ya mbili iliandikwa kwanza na ya kumi ikafuata, kama inavyotamkwa. Sifuri haikuwapo. Mtu aliweza kuandika tarehe na bei, lakini kuzidisha au kugawanya kwa maandishi hayo kulikuwa kazi ngumu. Wafanyabiashara walitumia ubao wenye shanga au vijiwe.

Mwaka 1701 Petro Mkuu alianzisha Moscow shule ya hisabati na ubaharia. Mwaka 1703 mwalimu mmoja wa shule hiyo, Leonty Magnitsky, alichapisha kitabu kikubwa cha hesabu kwa lugha ya wenyeji. Ndani yake hesabu zote zilifanywa kwa tarakimu tunazotumia leo, pamoja na sifuri, na kazi ya kila tarakimu ilielezwa. Hata hivyo kurasa za kitabu hicho zilihesabiwa bado kwa herufi za zamani. Mwaka 1708 Petro alianzisha herufi mpya za kuchapishia vitabu visivyo vya kanisa, na kitabu cha kwanza kuchapwa kwa herufi hizo kilikuwa cha jiometria. Tangu hapo tarakimu mpya zikaenea.

Mwalimu afikirie maana ya jambo hili. Wakati Abram anajifunza majina ya namba, makarani na maofisa wazima wa Urusi walikuwa wakijifunza upya kuziandika. Mzee aliyezoea kwamba kumi ni herufi moja aliambiwa sasa kumi ni alama mbili, na kwamba ile ya pili haina kitu ndani yake, ila ikiondolewa kumi hugeuka moja. Si ajabu wengi walitatizika. Sifuri inawatatiza watoto wetu vilevile, na sababu ni ileile: wanaombwa waandike alama ya kisichokuwapo, tena waipe mahali pake.

Masomo Ufaransa

Mwaka 1717 Petro Mkuu alizuru Ufaransa, na Abram akaachwa huko asome uhandisi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja hivi. Fedha za kujikimu zilichelewa na kupungua, naye aliandika barua za kuomba msaada. Aliingia jeshi la Ufaransa, akapigana katika vita dhidi ya Uhispania mwaka 1719, akajeruhiwa kichwani. Baada ya hapo alisoma katika shule ya mizinga ya La Fère, ambako masomo makuu yalikuwa hisabati, uchoraji wa ramani na ujenzi wa ngome.

Huko ilimbidi ahesabu tena kwa maneno mapya. Kifaransa cha Paris, mtu akifika sabini, husema sitini na kumi. Themanini ni ishirini nne. Na tisini ni ishirini nne na kumi. Kijana aliyekwisha kuzoea sorok ya Warusi sasa alikutana na watu wanaohesabu kwa ishirini. Lakini pembe tatu haikubadilika, wala jumla ya mizinga haikubadilika. Hesabu aliyoifahamu kwa lugha moja ilimfuata katika lugha nyingine, na kila lugha mpya ilimwonyesha kwamba majina ni mavazi tu.

Mwalimu wa hesabu

Alirudi Urusi mwaka 1723 akiwa na vitabu vingi, akapewa cheo cha luteni katika kikosi cha mizinga cha walinzi wa mfalme, na kazi ya kuwafundisha askari vijana hisabati na uhandisi. Hapo ndipo alipoingia katika kazi yetu. Kati ya mwaka 1725 na 1726 aliandika kwa Kirusi kitabu cha mafunzo chenye juzuu mbili, kimoja cha jiometria na kingine cha ujenzi wa ngome, akakitoa kwa Malkia Katerina wa Kwanza. Kitabu hicho kilibaki katika hati ya mkono. Mtoto aliyekuja bila kujua adin alikuwa sasa anawaandikia Warusi somo lao kwa lugha yao.

Lakini Petro Mkuu alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka 1725, na mlezi akiondoka, adui hujitokeza. Mwaka 1727 mwana-mfalme Menshikov, aliyeshika madaraka wakati huo, alimwondoa Abram mjini kwa kisingizio cha kazi. Alipelekwa Kazan, kisha Tobolsk, kisha Selenginsk, karibu na mpaka wa China, kusimamia ujenzi wa ngome. Kwa kweli ilikuwa kufukuzwa. Aliruhusiwa kurudi baada ya takribani miaka mitatu, na kuanzia mwaka 1731 hadi 1733 alifundisha hisabati na uchoraji katika shule ya wahandisi ya mji wa Pernau, ambao leo ni Pärnu katika Estonia.

Katika nyumba yake hakuwa mfano wa kuigwa. Ndoa yake ya kwanza, na binti wa nahodha wa Kigiriki, ilivunjika vibaya. Alimshitaki mkewe, na mwanamke huyo aliteseka kifungoni kwa miaka mingi. Kabla talaka haijatolewa Abram alikwisha kuoa mke wa pili, Christina Regina, aliyemzalia watoto wengi. Mwalimu anayesimulia maisha ya mtu mashuhuri darasani asimfanye malaika. Watoto wakikua watayajua mengine, na imani yao kwa mwalimu itapungua.

Mwaka 1741 Elizabeti, binti ya Petro Mkuu, alitwaa kiti cha enzi, na nyota ya Abram ikang'aa tena. Mwaka 1742 alifanywa meja jenerali na mkuu wa mji wa Reval, ambao leo huitwa Tallinn, akapewa mashamba mkoani Pskov pamoja na wakulima walioishi humo wakiwa mali ya bwana, kama ilivyokuwa desturi ya Urusi. Hivyo aliyepata kuwa mateka akawa bwana wa watu wasio huru. Hata hivyo inajulikana kwamba alipokodisha sehemu ya mashamba yake ya Estonia katika miaka ya 1740, aliweka sharti katika mkataba kwamba wakulima wasipigwe wala wasizidishiwe kazi. Na mpangaji alipolivunja sharti hilo, aliuvunja mkataba. Bwana mwingine wa wakati huo angaliona sharti la namna hiyo kuwa kichekesho.

Tangu mwaka 1752 alihudumu katika makao makuu ya wahandisi wa jeshi, akasimamia kazi za ngome na mifereji. Mwaka 1759 alifikia cheo cha jenerali mkuu, na mwaka 1762 alistaafishwa. Alifariki mwaka 1781 katika shamba lake la Suida, kusini mwa mji wa St. Petersburg, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano hivi. Mwanawe Ivan akawa jenerali na mjenzi wa mji wa Kherson. Mwanawe mwingine, Osip, alimzaa Nadezhda, na Nadezhda akamzaa Aleksandr Pushkin mwaka 1799. Pushkin alianza mwaka 1827 kuandika riwaya juu ya babu huyo, lakini alifariki mwaka 1837 bila kuimaliza.

Mafunzo kwa mwalimu

Kutokana na maisha haya mwalimu wa shule ya msingi anaweza kupata mambo manne yanayohusu ufundishaji wa kuhesabu.

Kwanza, namba si jina lake. Mtoto aletapo darasani hesabu ya Kifipa, huleta mali. Mwalimu aulize kwanza mtoto anajua nini, kwa kumpa mbegu au vijiti na kumwambia alete vilivyo sawa na vya mwenzake. Akileta sawasawa, ujuzi wa wingi anao. Kinachobaki ni kumfundisha maneno. Kazi hizo mbili ni tofauti, na kila moja ina dawa yake.

Pili, kukariri si kuhesabu. Mtoto anaweza kuimba moja hadi ishirini kama wimbo, lakini akiwekewa mahindi saba akagusa punje moja mara mbili, au akaruka punje. Ahesabu kwa kusogeza kila punje upande wa pili, neno moja kwa punje moja. Kisha aulizwe: zote ni ngapi? Akianza kuhesabu upya badala ya kutaja neno la mwisho, bado hajaelewa kwamba neno la mwisho ndilo jumla. Hapo asiharakishwe kwenda mbele.

Tatu, utaratibu wa lugha utumike kumsaidia mtoto. Kiswahili kina bahati kubwa: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, kila kitu kimesemwa wazi. Mwalimu afunge vijiti kumi kwa kamba, aweke kimoja pembeni, aseme kumi, na, moja. Jina na kitu vitakubaliana mbele ya macho. Penye giza ni ishirini na makumi mengine, kwa kuwa neno ishirini halimwonyeshi mtoto makumi mawili. Hapo vifurushi viwili viwekwe mezani kila neno hilo linapotajwa, hata litakapozoeleka.

Nne, fimbo haifundishi jina la namba. Mtoto aliyesahau neno hawezi kulipata kwa maumivu. Hofu humpotezea hata yale aliyokuwa nayo. Na anayepigwa kwa kosa la lugha hujifunza kuichukia hesabu, ambayo haikumkosea.

Zoezi la dakika arobaini

Zoezi lifuatalo limekusudiwa wanachuo wenyewe, kabla hawajakwenda katika mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao awe mwalimu, wengine wawe wanafunzi wa Darasa la Kwanza. Kila mmoja awe na punje kumi za mahindi.

Hatua ya kwanza: mwalimu atamke adin, dva, tri, chitiri, pyat, akisogeza punje moja kwa kila neno. Asitumie Kiswahili hata kidogo, wala asiandike ubaoni. Wanafunzi wamfuate mara kadhaa. Hatua ya pili: ataje neno moja bila utaratibu, kwa mfano chitiri, na wanafunzi waonyeshe punje. Hatua ya tatu: aulize neno lipi hufuata baada ya tri, kisha lipi hutangulia pyat. Hatua ya nne: aonyeshe punje tano, aondoe dva, na wanafunzi wataje zilizobaki kwa Kirusi. Muda wa kujibu uwe mfupi, na atakayechelewa apitwe.

Zoezi likiisha, kila mwanachuo aandike alichofanya akilini. Wengi watakuta kwamba walirudi adin wakapanda ngazi upya kila walipoulizwa. Wengine walitafsiri kimoyomoyo katika Kiswahili, wakajibu, kisha wakatafsiri tena. Wengine walihesabu vidole chini ya dawati. Na wale waliopitwa wataandika kwamba jibu walikuwa nalo, ila neno halikuja. Hao wasomewe maelezo yao kwa sauti, kwa sababu ndiyo maelezo ambayo mtoto wa Darasa la Kwanza angetoa lau angeweza kujieleza.

Wapo Waafrika ya Mashariki wengi waliopita njia hiyo wakiwa watu wazima. Tangu kufunguliwa kwa Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa mjini Moscow mwaka 1960, ambacho baadaye kilipewa jina la Patrice Lumumba, vijana kutoka nchi zetu walikwenda huko kusomea udaktari, uhandisi na kilimo, na kabla ya masomo hayo walijifunza Kirusi katika mwaka wa matayarisho. Walikuwa wamekwisha kufaulu hisabati ya sekondari, lakini dukani ilibidi wasikilize bei mara mbili. Hakuna aliyewaita wazito. Walipewa mwaka mzima.

Mtoto wa Majengo hupewa majuma machache, kisha huhukumiwa. Kama mwalimu atampa muda, vitu vya kushika na maneno yaliyoambatana na vitu hivyo, ataona jina la namba likija lenyewe juu ya ujuzi ambao tayari upo.

Maswali ya majadiliano

1. Taja namba za Kiswahili zinazopatana na nomino na zisizopatana, kuanzia moja hadi kumi. Ni makosa gani unayategemea kwa mtoto ambaye Kiswahili si lugha yake ya nyumbani?

2. Tengeneza andalio la somo la kufundisha namba 11 hadi 19 kwa kutumia vijiti na kamba. Eleza utamfanyia nini mtoto anayeandika kumi na mbili kuwa 102.

3. Mtoto anahesabu punje saba bila kosa, lakini akiulizwa jumla huanza kuhesabu upya. Ni ujuzi gani anao, na ni upi hana?

4. Abram Gannibal alikuwa mwalimu hodari, tena mume mkali. Jadilini namna ya kuyasimulia maisha yake kwa wanafunzi wa Darasa la Sita bila kuficha ukweli na bila kuwavunja moyo.